/26 inabeba vifaa 62, si 64

Umeuliza mtandao wa /26 unabeba vifaa vingapi, ukapata 64. Ni 62, mkuu. Anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, ina biti 32. Kwenye 192.168.10.0/26, biti 26 za mwanzo ni za mtandao, zinabaki 6 za vifaa, na 2 kwa kipeo cha 6 ni 64. Hapo ndipo hesabu yako ilipoishia. Ila namba mbili hazigawiwi: ya kwanza, .0, ni ya mtandao wenyewe, na ya mwisho, .63, ni ya kutangazia vifaa vyote kwa mpigo. Ruta nayo itakula moja (wengi huipa .1), kwa hiyo kompyuta, printa na simu za ofisini zinagawana 61.

Mimi nilijifunza kwa jasho. Niliwahi kuipa printa .64 nikidhani bado niko kwenye fungu lilelile, ikagoma asubuhi nzima, waya nimebadilisha mara mbili. Kumbe .64 ndiyo mwanzo wa fungu linalofuata, linaloishia .127. Ujanja wa haraka: maski ya /26 (namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao) ni 255.255.255.192, 256 toa 192 unapata 64, basi mafungu yanaanzia 0, 64, 128 na 192.

Kanuni ya kuacha namba mbili ina pa kuachwa: pale ruta mbili zinapounganishwa zenyewe kwa zenyewe. Hapo /31 inaruhusiwa na namba zote mbili zinatumika, RFC 3021 (hati ya viwango vya intaneti) ya mwaka 2000 inasema hivyo. Kifaa cha zamani kikiikataa, weka /30.