Wasomaji Wanauliza: Upepo wa Turkana unavuma, mbona stima inapotea?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nina mashine ya kusaga posho hapa Nakuru. Tangu ile giza ya nchi nzima ya Agosti 2023 watu wanasema upepo wa Turkana ndo ulituzimia stima. Kama ni hivyo si tuachane nao tubaki na maji na mvuke wa ardhini wa Olkaria? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba. Nakuomba usiulaumu upepo haraka, manake hii kitu wewe unaielewa kuliko wengi. Ukimwaga mahindi mengi kwa mpigo kwenye ile mashine yako si unasikia mota inalia na kupunguza mwendo, halafu mahindi yakiisha inapaa? Gridi, yaani ule mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo yote ya nchi na watumiaji, ni vivyo hivyo. Mashine za bwawa la Gitaru kwenye mto Tana, za Olkaria, zote zinazunguka pamoja kwa mapigo 50 kila sekunde, na umeme unaoingia lazima ulingane na unaotumika saa hiyo hiyo. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla zilizobaki zinabeba mzigo wote, zinalemewa, mapigo yanashuka, na yakishuka sana mashine zinajizima zenyewe ili zisiharibike, moja baada ya nyingine mpaka nchi nzima inaingia gizani.

Ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 Kenya Power, shirika linalosambaza umeme, walisema ilianza na kupotea kwa umeme wa mradi wa upepo wa Turkana, wenye mradi nao wakasema mitambo yao ilijitoa kwa sababu volteji, yaani msukumo wa umeme, ya gridi ilipanda kupita kiasi. Siwezi kuwaamulia. Ila angalia ramani. Mitambo ya upepo ni 365, megawati 310, iko Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, na umeme wake unaletwa kituo cha Suswa kwa laini moja ya zaidi ya kilomita 400. Laini ndefu namna hiyo ikibeba mzigo mdogo volteji yake inapanda yenyewe, ndo tabia yake, inabidi kuwe na vifaa vya kuituliza muda wote. Na umeme mwingi hivyo ukipitia njia moja, njia ikikatika hakuna pa kupita. Hapo upepo una kosa gani?

Hata hiyo laini yenyewe ilitusumbua. Mitambo ilikuwa imesimama tayari 2017, mkandarasi wa laini kutoka Uhispania akafilisika, wakaletwa Wachina wakaimaliza 2018, na kile kipindi chote mapanga ya mitambo yamesimama Kenya ilikuwa inalipia umeme ambao haujafika kwa mtu yeyote. Mimi hiyo iliniuma sana na bado inaniuma.

Nilifika kule asubuhi moja, upepo ulikuwa unasukuma mlango wa gari mpaka nikaufungua kwa mikono miwili, akina mama wanapita wameshika leso kwa meno. Saa nane mchana ukapoa kabisa. Usiku ukarudi kwa nguvu mpaka mabati yanalia. Shida yetu iko hapo kwenye saa. Upepo wa Turkana unakolea usiku wa manane mpaka asubuhi, na sisi tunawasha kila kitu kuanzia saa moja jioni hadi saa nne. Saa tisa usiku nchi imelala, upepo umejaa, Olkaria mvuke haulali, na kuna siku mapanga yanapunguzwa kasi makusudi kwa sababu hakuna wa kuutumia huo umeme. Halafu jioni inayofuata tunachoma mafuta mazito Mombasa. Kwa kweli hii haifai.

SWALI: Si waweke betri kubwa basi? – Msomaji, Kitale

JIBU: Ziwekwe, ndiyo, lakini tujue zinafanya nini. Betri ina vipimo viwili kama tangi la maji, ukubwa wa tangi, yaani umeme unaohifadhiwa, na unene wa bomba, yaani umeme unaoweza kutoka kwa mpigo. Ile ya Hornsdale kule Australia Kusini iliwekwa 2017, mwaka mmoja baada ya jimbo lote kuzimika, ilianza na bomba la megawati 100 na tangi la megawati-saa 129. Ukipiga hesabu, hilo tangi ni kama dakika 25 tu za Turkana ikizalisha yote. Kwa hiyo haikuwekwa ikeshe usiku kucha. Kazi yake ni mbio, mtambo ukitoka inamwaga umeme chini ya sekunde moja, mapigo hayashuki, mitambo mingine inapata muda wa kuamka. Betri ya namna hiyo ikikaa Suswa au karibu na hapo naona ingetuokoa na mengi.

Betri ya kukesha tunayo tayari, na sijui kwa nini haitajwi sana. Ni bwawa la Masinga, la kwanza kati ya mabwawa matano yaliyofuatana kwenye mto Tana. Upepo ukijaa usiku, funga maji, yakae bwawani. Jioni watu wakiwasha, yaachilie yashuke Kamburu, Gitaru, Kindaruma mpaka Kiambere, maji yale yale yanazungusha mashine mara tano. Kila saa ya upepo ni maji yamebaki Masinga, na mwaka wa ukame utaona tofauti yake.

SWALI: Na sisi wa Singida tunaingiaje, maana upepo tunao wa kutosha. – Msomaji, Singida

JIBU: Mmeshaingia. Laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya hapa Kenya kuja kwenu iliwashwa mwishoni mwa 2024. Gridi ikiwa pana pigo la mtambo mmoja linagawanywa kwa wengi, na upepo ukijaa Marsabit usiku Tanzania nayo inaweza kufunga maji ya bwawa lake la mto Rufiji.

SWALI: Betri ya lori naweza kuitumia na sola nyumbani? – Msomaji, Malindi

JIBU: Usiitumie. Ile imetengenezwa kupiga stata, sekunde chache halafu inachajiwa tena. Ukiikausha kila usiku na taa na tivii, miezi michache tu imekufa. Tafuta ya sola au lithiamu, na muuzaji akuonyeshe ina wati-saa ngapi kabla hujatoa pesa.