Kaunsili taksi imekuja nzima na unaishi peke yako England

Pole dada, usianze kulipa hiyo bili ya kaunsili taksi (kodi ya makazi unayolipa kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako) kabla hujaisoma vizuri. Mtu mzima mmoja ndani ya nyumba anapunguziwa 25% ila haiji yenyewe, lazima uwaombe kaunsili, na uwaambie tarehe ulioanza kuishi peke yako maana unaweza kupunguziwa toka hapo. Hata ukikaa na mwanafunzi anayesoma fultaimu bado unapata, yeye hahesabiwi.

Halafu kuna punguzo lingine kabisa la wenye kipato kidogo, kila kaunsili ina masharti yake na hata mwenye kazi anaweza kupata, lakini hapa naomba uwe makini sana: kama viza yako imeandikwa huruhusiwi misaada ya serikali hili usiliombe, litakuletea shida uhamiaji. Ile 25% haihusiki na hilo katazo, iombe bila wasiwasi.

Bendi nayo, yaani daraja la nyumba linaloamua unalipa kiasi gani, A mpaka H, inatoka kwenye thamani ya nyumba tarehe 1 Aprili 1991 sio bei ya leo, kwahiyo kama nyumba za jirani zinazofanana na yako ziko bendi ya chini unaweza kulalamika, ila ujue wakikagua wanaweza kuipandisha pia.

Malipo kawaida ni miezi 10, omba wagawe 12 inakuwa nafuu kidogo. Na ukikwama wapigie mapema jamani, ukinyamaza na barua ya kukumbushwa ukaipotezea wanadai ya mwaka mzima kwa mkupuo, baadae mahakamani na gharama zake juu yako