Kabla ya kugawanya namba kubwa, itazame kwanza

Nikiwa kidato cha tano hapa Dodoma, mwalimu wetu wa hesabu aliandika ubaoni 4,294,967,297 siku ya Ijumaa. Atakayeleta kigawo chake Jumatatu, zaidi ya 1 na namba yenyewe, angepata kilo mbili za zabibu. Kikokotoo marufuku. Zabibu zilikuwa zimejaa soko la Majengo, lakini za bure zina utamu wake.

Nikajifungia na daftari: 7, 11, 13, 17... Jumapili usiku nilikuwa nimepita namba tasa mia na ushee, vidole vimekufa ganzi. Nikaamua: hii ni tasa.

Jumatatu mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Kwa 641 ulibaki na ngapi?" Nikafunua daftari. Baki 10. Akacheka mpaka akakaa. Hatua ya mwisho kabisa, 641 mara 7 ni 4,487. Mimi nimeandika 4,477. Zabibu akala mwenyewe.

Siku hizi nafundisha tuisheni, na kijana akikimbilia kugawanya namuwekea mkono juu ya daftari. Jumlisha tarakimu kwanza: zinatoa 59, basi 3 haiingii. Halafu tazama mikato, imeshakupangia mafungu ya tatu tatu. Anzia kulia, toa na jumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4, unapata −380. Kwa kuwa 1,001 ni 7 × 11 × 13, na 380 haigawanyiki kwa hata mojawapo, tasa tatu zimeondoka kwa mstari mmoja. Mimi zilinila karibu ukurasa mzima!

Na kila jibu lipime kwa tisa. Punguza 59 mpaka tarakimu moja: 14, kisha 5. Jibu langu lilikuwa 6,700,417; jumlisha tarakimu zake hivyo hivyo, unafika 7. 641 inafika 2. Saba mara mbili ni 14, ongeza baki 10, ni 24, yaani 6. Sita si tano. Kosa lingejitaja palepale. (Kipimo hiki hakioni kosa la 9 kamili, kwa hiyo usikiamini kama kiapo.)

Ila kubwa kuliko yote ni kuuliza namba imetoka wapi. Hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini ni tasa, kama ndugu zake 3, 5, 17, 257 na 65,537, kwa hiyo kwenye kudanganyika nilikuwa na mwenzangu mkubwa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha si tasa, na baadaye akatoa sababu: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641 inaingia bila baki. Jaribio la tano. Kwangu mimi 641 ilikuwa tasa ya 116 kuhesabu toka 2, na bado nikaipita.