Nyota za fungu moja zikikupa majibu tofauti

Ukipima kemia ya nyota za fungunyota wazi, yaani kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, ukakuta moja ina chuma kidogo kuliko ndugu zake, usikimbilie kuandika kwamba umegundua jambo. Mimi nilikimbilia. Nyota ile ilikuwa katikati kabisa ya picha, rangi na mng'ao wake vinaafikiana na wenzake, nami nikamaliza wiki tatu nikiitafutia sababu za upungufu wake. Siku nilipofungua vipimo vya Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, nikakuta inasogea angani kuelekea upande mwingine, na umbali wake si wa fungu lile. Ilikuwa mpita njia, imekaa tu mbele ya fungu tukiitazama kutoka duniani.

Tangu hapo kazi yangu huanza na uanachama: mwendo wa nyota angani, umbali wake, na kasi yake ya kutusogelea au kutuacha. Vyote vitatu. Spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake, wenye mistari ya giza inayoonyesha elementi zilizomo, naifungua baadaye.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu thamani yote ya fungunyota wazi iko kwenye asili yake. Nyota zake zilizaliwa katika wingu moja la gesi, karibu wakati mmoja, zikaanza na mchanganyiko uleule wa elementi. Kilimia ina umri wa miaka milioni 100 na kitu. M67, fungu jingine, ina takriban bilioni 4, na kemia yake inakaribiana sana na ya Jua. Kwa hiyo kabla hujapima chochote unajua kwamba nyota hizi zinapaswa kukubaliana. Zisipokubaliana, wa kwanza kushukiwa ni mpimaji.

Wa pili ni hatua ya maisha ya nyota, na hapa nakusihi uwe na subira. Jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka ikavimba, si shahidi mwaminifu kwa kila elementi. Linapovimba, tabaka lake la nje linalochemka huchimba hadi kwenye gesi iliyokwisha kupitia moto wa nyuklia, kisha huipandisha juu. Kaboni ya usoni hupungua, naitrojeni huongezeka. Ukiiweka kaboni hiyo kando ya kaboni ya nyota ya aina ya Jua, tofauti utakayoiona ni ya kweli kabisa, lakini haisemi lolote kuhusu wingu lililozizaa. Lithiamu ndiyo tete zaidi, maana huteketea kwenye joto la nyuzi milioni 2.5 hivi, joto ambalo katika nyota ni dogo. Hata chuma, nilichodhani hakiguswi, hubadilika. Katika M67, nyota zinazokaribia kumaliza haidrojeni ya kiini zina chuma pungufu kidogo usoni kuliko majitu, kwa kuwa atomu nzito huzama polepole chini ya uso, na nyota ikishavimba hukorogwa zikarudi juu. Basi linganisha jitu na jitu, na nyota isiyovimba bado na nyingine ya hatua ileile.

Jua, ambalo ndilo tunalolinganishia, nalo lipime mwenyewe, kwa spektrografu (chombo cha kuchukua spektra) ileile na mistari ileile, ukitumia mwanga wake unaoakisiwa na asteroidi kama Vesta. Kipimo chetu cha wingi wa elementi ni cha logariti: 0 maana yake sawa na Jua, 0.3 ni mara mbili yake. Kosa la 0.05 linaonekana dogo, kumbe ni kama asilimia 12, na hilo linaweza kutokea kwa kuchora vibaya tu usawa wa juu wa spektra, pale pasipo na mistari ya giza.

Nyota zinazozunguka kwa kasi, ambazo ni nyingi kwenye mafungu machanga, ziache. Mistari yake hupanuka ikamezana.

Kama ndiyo unaanza, anza na fungu la Hyades. Liko karibu, miaka ya nuru 150 hivi, nyota zake zinang'aa vizuri, na chuma chake kinajulikana kuwa juu ya cha Jua kwa takriban 0.13, yaani kimezidi kwa theluthi moja. Ukipata 0, rudi kwenye halijoto uliyoipa nyota. Makosa yangu mengi yalijificha hapo: nyuzi 100 tu zinatosha kukisogeza chuma kwa karibu 0.1.