Mama wa Odysseus ana kosa gani?

SWALI: Katika insha yangu ya fasihi kuhusu Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, niliandika, "Odysseus anashuka kuzimuni na kukutana na mama yake." Mwalimu amekata "kuzimuni" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "jahanamu". Je, nimekosea?

JIBU: Umekosea kidogo. Mwalimu wako amekosea sana.

Kosa lako ni hiyo -ni. Kuzimu tayari ni mahali: ku- imekaa mbele ya shina lile lile la mzimu na mizimu. Mbingu huhitaji -ni ili tupate mbinguni. Kuzimu haina haja nayo.

Sasa hiyo jahanamu. Nimechoka nayo! Msimulizi wa hadithi za kale akifika tu kwa wafu, basi huwasha moto. Jahanamu tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu. Ni mahali pa adhabu. Kuzimu huenda wafu wote, wema kwa waovu. Waliofasiri Biblia walilijua hilo, ndiyo maana "milango ya kuzimu" kwao si "jehanum ya moto".

Mtazame huyo mama, Antikleia. Alikufa kwa uchungu wa kumkosa mwanawe aliyekwenda vitani Troya asirudi. Katika kitabu cha 11 cha utenzi wa Homer, mwana anajaribu kumkumbatia mara tatu, na mara tatu mama anamponyoka kama kivuli. Hakuna tanuri, hakuna minyororo. Mwalimu anataka tumtie motoni kwa dhambi gani, kumpenda mtoto? Na Achilles je, shujaa mwenzake Odysseus aliyekwisha kufa, anayesema heri kuwa kibarua wa maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote? Analalamikia joto? Wanaoteswa wapo, akina Tantalus na Sisyphus, lakini ni wa kuhesabika.

Kwa Dante, mshairi wa Italia, sina ugomvi: zile duara 9 za mateso ni jahanamu hasa. "Ahera" nalo nalivumilia, ingawa huja na hesabu ya matendo ambayo wafu wa Homer hawaijui.

Tena, ukitaka ubishi zaidi, Odysseus hata hashuki. Anafika kwa merikebu, anachimba shimo, anamimina damu ya kondoo, na wafu ndio wanaomjia. Aliyeshuka ni Aeneas, shujaa wa utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Ila hilo usimwambie mwalimu kabla hajakurudishia alama zako.