Mtoto ana vidoti vyekundu baada ya mafua, chembe sahani elfu 12

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 4, wiki mbili nyuma aliumwa mafua na homa akapona akarudi kucheza, juzi namuogesha naona miguuni vidoti vyekundu vidogo vidogo na mapajani kavilia damu, hadi mwalimu wa chekechea kaniuliza nani anampiga. Tumepima FBP (kile kipimo cha chembe zote za damu), chembe sahani zinazogandisha damu ni elfu 12 tu. Malaria hana, dengi hana. Daktari katurudisha nyumbani bila dawa wala kumuongezea damu, mama mkwe kashaanza kumpa juisi ya rosela. Ni kansa ya damu? Mbona hawamtibu? – Mama Tanga

JIBU: Marahaba mama. Ulivyoeleza inafanana sana na ITP, yaani chembe sahani kupungua kwa sababu kinga ya mwili inazishambulia. Mwili ulipopigana na virusi vya mafua ulitengeneza kingamwili, sasa zingine zimepitiliza zinashika hadi chembe sahani zake mwenyewe, kama mgambo anayekamata mpaka wenye leseni, na bandama inazimaliza. Kawaida ni elfu 150 hadi 450 kwahiyo elfu 12 inatisha kweli, lakini kwa hawa watoto tunaangalia zaidi anavyotoka damu kuliko namba. Kama ni ngozi tu, kusubiri ndo matibabu yenyewe, na karibu 8 kati ya 10 wanapona ndani ya mwaka, wengi wiki au miezi michache tu. Kumuongezea chembe sahani haisaidii maana na hizo zitaliwa vilevile, tunaziacha kwa damu inayohatarisha maisha.

Kansa je? Hapo mara nyingi mtoto anapauka, homa haiishi, mifupa inauma, tezi zinavimba, na himoglobini au chembe nyeupe nazo zinaharibika. Angalia hiyo karatasi ya FBP, na uliza kama damu imeangaliwa kwa hadubini. Hili lifanyike kabla hajapewa predinisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili) maana inaweza kuificha kansa, na jamani msimnunulie wenyewe famasi!

Mwalimu mwonyeshe majibu, kuuliza kafanya vizuri. Rosela anywe tu akipenda, ila chembe sahani haipandishi.

Ninachoogopa mimi ni sindano ya diklofenaki, watu wanaikimbilia mtoto akichemka kidogo. Hapana. Wala ibuprofeni wala aspirini, mpe paracetamol, na kila unapoenda sema mapema asichomwe sindano ya msuli. Baiskeli na kupanda miembe apumzike kwanza.

Akilalamika kichwa kinauma sana, akitapika, akiwa na usingizi usioeleweka, au amegonga kichwa, damu ya puani haikatiki, mdomoni kuna malengelenge ya damu, choo cheusi au mkojo mwekundu, usisubiri asubuhi, mkimbize hospitali usiku huohuo. Vinginevyo rudini kurudia FBP tarehe mliyopangiwa, ikipita miezi 12 bado ziko chini omba rufaa kwa wataalamu wa damu, Muhimbili wapo.