Tangi la bahari ndani ya ukuta: anza na chumba cha nyuma

SWALI: Shikamoo mzee. Ninajenga nyumba Mtwapa na sasa tumefika linta. Kati ya sebule na stoo nataka tangi la samaki wa maji chumvi lenye matumbawe, lizame ukutani, mtu akikaa sebuleni aone kioo tu. Vipimo nilivyofikiria ni sentimita 150 urefu, 60 kwenda nyuma na 60 kwenda juu. Fundi ananiuliza tundu liwe kubwa kiasi gani na sina la kumjibu. Stoo ina upana wa mita moja na robo, na mke wangu hataki kunyang'anywa yote. Jambo lingine ni maji: bahari iko karibu, je, nichote tu? Halafu kuna vijana wanasema wataniletea matumbawe hai kutoka mwambani kwa bei nafuu. Niwakubalie? Samaki wa maji matamu nimewafuga sana, haya ya chumvi ndiyo mara yangu ya kwanza.
*Msomaji, Mtwapa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza kabla ya plasta, na hilo peke yake limekuokolea pesa nyingi. Mimi nilianzia kazi Shimoni, kwenye boti za wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo, na sasa ni miaka mingi najenga matangi majumbani na hotelini. Karibu kila anayenipigia simu huanza na kioo. Kioo ndicho rahisi. Tangi la ukutani huishi au hufa kwa sababu ya chumba kilicho nyuma yake, pale utakaposimama mkono ukiwa majini hadi begani. Mahali hapo pakiwa finyu, pana joto na hapana pa kumwaga ndoo, utaanza kuahirisha usafi wiki hii na ijayo, na matumbawe hayasubiri.

Kwa hiyo la mkeo kwanza. Mwambie mapema kwamba stoo imekwenda. Hewa ya humo itakuwa na unyevu na chumvi. Unga, nguo na vitabu havitakaa. Mtafutieni kabati mahali pengine sasa hivi, wakati kuta bado zinasogezeka.

Sasa tundu. Usilipachike tangi katikati ya unene wa ukuta. Lisimame lote ndani ya stoo, uso wake ukikaribia kugusa ukuta, na upande wa sebule ukate nafasi ndogo kuliko kioo chenyewe. Kwa kioo cha sentimita 150 kwa 60, mwambie fundi aache upana wa 145, na kingo ya chini ianze kama sentimita tatu juu ya sakafu ya tangi. Hapo silikoni ya pembeni na mstari wa mchanga vinafichika, na siku kioo kikipasuka au ukitaka kukibadilisha, kinatokea nyuma bila kubomoa chochote. Hakikisha tu kwamba mlango wa stoo na kona ya ukumbi vinalipitisha tangi. Hili watu hulisahau.

Juu, wacha tundu lipande hadi kwenye linta uliyokwisha kufunga, usiweke linta ya pili. Sehemu iliyo juu ya kioo izibe kwa milango miwili ya mbao yenye mpira pembezoni ili mwanga na sauti ya pampu visivuje. Utaweza kulisha samaki kutoka sebuleni, na ukiangusha kitu mbele ya mawe utakifikia.

Zile 60 za kwenda nyuma zipunguze ziwe 50. Najua tangi pana linapendeza zaidi, lakini katika stoo ya sentimita 125 utabaki na 75 za kusimama, kuinama na kuweka kigoda. Ukiacha 60, kila ukichuchumaa kiuno kitagonga ukuta. Kwenda juu usizidishe 60, la sivyo mkono hautafika chini.

Uzito: tangi la 150 kwa 50 kwa 60 ni lita 450. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji matamu, hivyo hapo pana kilo 460 za maji, kioo cha milimita 12 karibu kilo 95, na mawe na mchanga si chini ya 80. Jumla ni zaidi ya kilo 630 juu ya eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu ya chini iliyomwagwa zege vizuri italibeba. Ingekuwa ghorofani ningekwambia umwite injinia kabla ya kuendelea. Ukuta usibebe tangi, wala tangi lisibebe ukuta. Jenga nguzo za matofali na slabu nyembamba juu yake, kimo cha sentimita 80 hivi, ili katikati ya kioo ilingane na macho ya mtu aliyekaa. Stendi ya chuma chumvi huila. Slabu ipigwe pima maji pande zote, kisha tandika karatasi nene ya povu ndipo ulaze kioo.

Humo stoo fanya haya wakati mafundi wako bado wapo: taili sakafuni na ukutani hadi kimo cha kifua, sakafu iwe na mwinamo kuelekea tundu la kutolea maji, na sinki lenye bomba. Dari iwe ya plasta ya simiti, usikubali jipsamu. Weka feni ya kutoa hewa nje, kwa sababu tangi hili litapoteza lita kadhaa kila siku kwa kukauka, na mvuke huo usipotoka utaukuta kwenye rangi ya sebule. Soketi ziwe juu ya kimo cha maji, kwenye saketi yenye swichi inayojikata umeme unapovuja. Kila waya uning'inie chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, tone la maji lidondoke sakafuni lisiufuate waya hadi kwenye umeme.

Chini ya tangi, kati ya nguzo, litakaa tangi la pili. Maji ya juu yanafurika kupitia bomba na kushuka humo, yanapita kwenye skima inayotoa uchafu kama povu, kisha pampu inayarudisha. Liangalie sana hili la chini, maana ndilo hulowesha nyumba. Stima ikikatika, pampu inasimama lakini maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa midomo ya mabomba. Yakishuka sentimita tatu tu, kwako hizo ni lita 22 na nusu, ukiongeza na zile zilizomo mabombani. Basi tangi la chini libaki na nafasi tupu ya lita 40 wakati wote, na bomba la kurudishia litobolewe kitundu kidogo chini kidogo tu ya uso wa maji ili livute hewa na kuacha kunyonya. Siku ya kujaribu, kata umeme kwa makusudi ukiwa umesimama pale pale na kitambaa mkononi.

Na kwa kuwa stima kwetu hukatika, weka betri na inveta kwa ajili ya pampu za mkondo peke yake, zile zinazozungusha maji ndani ya tangi. Taa zinaweza kungoja. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki katika tangi lisilotikisika huanza kutweta mapema.

Joto ndilo gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Matumbawe unataka yakae kati ya nyuzi 25 na 27. Stoo ya Mtwapa mwezi wa Machi inazidi 30, na pampu na taa zinaongeza. Feni juu ya maji husaidia, lakini kwa unyevu wa pwani yetu hazitoshi. Utahitaji mashine ya kupoza maji, na mashine hiyo hutapika hewa moto. Iweke nje ya stoo, chini ya kivuli, na mabomba yapite ukutani. Mwambie fundi aache matundu hayo sasa. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipata moto kupita kiasi na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii ilikufa. Nyuzi chache tu zilitosha kuyageuza meupe.

Maji. Ya bahari yanafaa, ila si ya ufukweni wala ya kriki. Yachotwe kwa boti nje ya mwamba, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, na si kipindi cha masika mito inapomwaga tope. Yachuje, yaweke kwenye mapipa ya plastiki yaliyofunikwa, yatikiswe kwa pampu kwa wiki moja, ndipo upime. Chumvi iwe gramu 35 kwa lita. Mimi kwa mtu anayeanza napendekeza chumvi ya kuchanganya, maana kila ndoo utajua ina nini. Kwa tangi lako ni kama kilo 16 kwa kujaza mara ya kwanza. Maji ya kuichanganya unaweza kuyapata kwenye duka la kujazia mitungi ya kunywa yenye mashine ya kuchuja, lakini nenda na kipimo chako cha TDS mfukoni, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, kwa kuwa baadhi yao hurudisha madini ili maji yawe na ladha. Kipimo kikisoma sifuri au karibu yake, chukua. Maji hayo hayo matamu ndiyo utakayojazia kila siku, kwani kinachokauka ni maji, chumvi inabaki.

Hao vijana wakatalie. Bahari ya mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kuvunja tumbawe huko sheria inakataza. Hata ukiacha sheria, tumbawe lililobanduliwa kwa nyundo na kuletwa kwenye ndoo ya plastiki juani kwa kawaida limekwisha kuumia; litakufa katika tangi changa, lioze, na liondoke na samaki wako. Nimeogelea juu ya miamba hii tangu ujana wangu na yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua milimita chache tu kwa mwaka. Sitamsaidia mtu kuyaondoa.

Kwa mawe, tumia ya nchi kavu. Sisi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Fort Jesus yenyewe imejengwa kwa jiwe hilo. Nenda machimboni, chagua vipande vyepesi vyenye matundu mengi, visugue, viloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, ndipo uvipange. Vipange vikiwa vimekaa moja kwa moja kwenye kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye, visije vikaporomoka samaki akichimba.

Matumbawe hai nunua vipande vidogo vilivyooteshwa kwenye matangi ya watu wengine. Ila si leo. Jaza maji, washa pampu, tia kipande cha kamba mbichi kioze, na upime amonia na naitraiti. Bakteria wanaovila hivyo vitu huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe. Vipimo vyote viwili vikifika sifuri, badilisha sehemu ya maji, weka konokono wachache, kisha jozi ya wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, tena waliozalishwa tangini ukiwapata. Matumbawe laini yaje miezi michache baadaye, magumu yasije kabla ya nusu mwaka. Kangaja wa buluu utamtamani, lakini tangi la mita moja na nusu ni dogo kwake. Samaki vipepeo wengi hula matumbawe. Chewa hata akiwa kidole, mwache baharini.

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Tuko Muscat, tumepanga ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Hakuna njia ya kupata sura ile ya tangi la ukutani?
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Ipo. Usikate ukuta, jenga wa uongo: tangi lisimame kwenye stendi yake, na mbele yake uweke fremu ya plaiwudi iliyopakwa rangi ya chumba, yenye dirisha la kioo na vipande vya kufungua juu na chini. Siku ya kuhama unaifungua skrubu na kuondoka nayo. Nyuma au ubavuni acha nafasi ya kuingia mtu.

Kwa ghorofa ya tatu usipite lita 200 bila kuuliza injinia, na liweke kando ya ukuta unaobeba jengo, si katikati ya chumba. Kubwa zaidi kwenu huko ni kiangazi. Mkisafiri na kuzima AC mwezi wa Juni, tangi litachemka kabla hamjafika mnakokwenda. Andikianeni na mwenye nyumba kuhusu maji na uzito kabla ya kununua kioo, na mpate mtu mmoja wa kuaminika atakayeachiwa ufunguo mkiwa safarini.